Neno Nililolimeza na Ugali

Enzi zetu pale Mbekenyera, miaka ya tisini inaanza, mimi na mdogo wangu Somoe, tulioachiana ziwa, tulifyonza mabibo mpaka nguo zikashika madoa yasiyotoka hata kwa majivu. Korosho tulichomea kwenye kipande cha debe, moshi ukitutoa machozi, midomo ikichubuka. Kombolela alinishinda, mbio alinishinda. Darasani usiseme. Mimi la nne nilitoka kwa miguu yangu, yeye la tano alimsomea baba barua za shangazi kutoka Kiegei. Vijana wa leo wanacheza mpira kwa kidole gumba, halafu eti wamechoka.

Kisha nikaingia jandoni, yeye unyagoni. Nilipotolewa nilichinjiwa jogoo, nikapewa kibanda changu na nafasi kwenye mkeka wa baba. Nikawa natembea nitakako. Somoe alipotolewa alipewa ndoo na jiko. Shule, baba akasema, imetosha. Somoe akaacha kucheka. Mama akasema ndiyo amekua.

Siku moja alinisubiri njia ya kisimani.

"Kaka, wewe sasa unakula na baba. Mwambie nirudi shule. Mimi nikisema ni kiburi, wewe ukisema ni neno."

Nikamjibu mwanaume habebi maneno ya jikoni. Ndivyo tulivyofundwa, nami nilijiona dume. Kumbe jioni ile ile baba akaniuliza mwenyewe, "Mdogo wako ana nini, mbona amenyong'onyea?" Jiko lilikuwa nyuma ya ukuta wa mianzi, kila kitu kinasikika. Nikaminya tonge, nikachovya kisamvu, nikasema, "Hana kitu."

Baba akaniamini. Mwaka haukuisha, Somoe akaolewa Mandawa.

Leo nina mikorosho yangu na nyumba ya bati, sikubebwa na mtu. Binti zangu wanasoma, wanakula nami, wananibishia mpaka mpira wa redioni. Kaka zao wamenyoa viduku, wananuna kutwa kwa kukosa bando. Nacheka, lakini situlii. Maana Somoe akija, hata nimvutie kiti, hupita moja kwa moja uani.

Juzi nilimfuata jikoni, mimi mzima na mvi zangu. Nikamuuliza, mdogo wangu, una nini, mbona huji kula na sisi?

Hakuinua macho kwenye chungu.

"Sina kitu, kaka. Nenda kale."