Kufuli la Konokono

Vidole vya msusi wa pale mpakani Tunduma hushinda vinang'aa mafuta ya nywele, na kila akiigusa simu huacha michirizi kwenye kioo. Humo mna picha za wanawe, namba za wateja hadi wa Nakonde, upande wa Zambia, na akiba yake yote. Kwa hiyo kila asubuhi hubadilisha mchoro wa kuifungulia, akifuata msuko wa mteja wa kwanza. Siku hiyo wa kwanza alikuwa Nesta, na alitaka konokono, msuko unaojizungusha hadi utosini.

Nesta alikuwa kasukwa nusu kichwa jamaa mmoja alipoikwapua ile simu. Bodaboda wakamdaka hapohapo. "Ni yangu hii!" akaapa, akachora zigizaga aliyoichungulia jana yake. Simu ikagoma.

"Hiyo ni ya jana, baba!" Msusi alicheka hadi kitana kikamponyoka. Akazungusha kidole kama konokono, simu ikafunguka, kundi zima likalipuka kwa vigelegele, Nesta akiruka na nywele zake timtim. Ndipo msusi akaona shingo zote zilivyonyooshwa kukielekea kioo.

"Kaa, mdogo wangu," akasema, akianza kufumua. "Tunasuka mwingine."