Omena Kwenye Kituo cha Barafu

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye kituo cha utafiti Antaktika nilicheka peke yangu. Mimi Odhiambo, mpishi wa hoteli, mtoto wa mtaa wa mabanda wa Kisumu Ndogo, nimesimama juu ya barafu isiyo na mwisho! Aliyenipokea ni Mkuu wa Kituo. "Baridi haitakusumbua," akaniambia. "Ogopa kufungiwa."

Nilimwelewa jua lilipozama kwa miezi. Ndege haiji wala haiondoki. Ukitoka nje peke yako kwenye giza lile, ndiyo basi. Watu hubadilika. Usingizi unapotea, mtu anamchukia mwenzake kwa jinsi anavyotafuna mkate. Kisha huja kile tulichokiita kukodoa: mtu ameshika kijiko, macho ameyakaza ukutani, hasikii akiitwa.

Aliyekodoa kuliko wote alikuwa Mutua, fundi wa jenereta, Mkamba wa Kawangware. Huyo ndiye niliyekuwa nikitaniana naye kutwa. Sasa akimaliza zamu anajifungia chumbani, hali chakula. Daktari alijaribu akashindwa. Mkuu akasema, "Mwacheni apumzike."

Apumzike nini? Kwetu kwenye ploti, vile vyumba vya kupanga vilivyoshikana, tunapikia koridoni, milango wazi, na harufu ya jirani ikikufikia lazima utoke useme neno. Nikabeba jiko la umeme hadi mlangoni pake, nikakaanga omena, dagaa wa kwetu watu wa ziwani, niliyokuja nayo kutoka nyumbani. Moshi ukajaa. Nilisahau kwamba koridoni kule kuna king'ora cha moto, na moto ndio hofu kuu ya kituo. Kikalia. Watu wakaja mbio, Mkuu na kizimamoto mkononi.

Mutua naye akatoka, buti miguuni. Kazi ni kazi: akakizima king'ora, akachungulia sufuria.

"Odhis, hiyo omena unaunguza. Na nyanya iko wapi?"

"Wewe Mkamba, tangu lini unajua omena?"

Akacheka. Akaketi sakafuni, akala. Furaha niliyoisikia sijaipata tena. Mkuu alifoka, kisha akaomba sahani. Tangu hapo nilipika koridoni kila Jumapili, yeye mwenyewe akilinda na kizimamoto.

Sasa nimestaafu, naishi mtaani Ayany. Juzi Mutua alinitembelea akawakuta vijana wa mtaa wakiniuliza, "Buda, si huko baridi ni noma, inaua?" Akawajibu yeye.

"Si baridi, ni kule kufungiwa. Ile siku king'ora kililia, nilikuwa nimeshavaa buti na jaketi. Nilikuwa natoka nje, na sikuwa na mpango wa kurudi."

Hakuwahi kuniambia. Buti zile niliziona, nikadhani anakwenda kwenye jenereta. Nilimshika mkono mbele ya vijana, nikalia.