Kuita Mbuzi Wakati wa Bendeji

Mwaka ule wa kiangazi kikali, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, msichana wangu wa miaka sita alimwagikiwa na chai ya moto mkononi. Kila nikimpeleka zahanati ya Kitengela kubadilishiwa bendeji, nilijivuta tangu asubuhi. Niliogopa kile kilio, na zaidi maneno ya nesi: "Akiendelea kuruka hivi sitaweza kusafisha, na vidole vitajikunja vibaki hivyo." Mkono wenyewe ni wa kulia. "Mshike mama, mshike," ananiambia. Nimshike vipi na yeye ananipiga mateke?

Siku moja nesi akabadilisha mtindo. "Usimshike kwa nguvu. Mpakate, umwongeleshe kitu anachopenda."

Mtoto wangu alipenda mbuzi, basi. Nikampakata, mgongo wake kifuani kwangu. "Ni jioni, mbuzi wanarudi. Nani ametangulia?"

Nesi akamwaga maji ya chumvi kwenye bendeji iliyoganda.

"Mweupe wa kengele," akasema mtoto.

"Ameingia. Na nyuma yake?"

"Wa masikio mafupi."

Bendeji ikavutwa polepole. Akakaza meno, akapuliza pumzi, akaita mwingine. Mkono haukuruka. Sikuamini macho yangu.

Shida ni kwamba mbuzi hao hawakuwa wanarudi popote. Baba yake alikuwa amewahamishia upande wa Loitokitok kutafuta nyasi, na shemeji yangu alileta habari kwamba wengi walikufa njiani. Mtoto hatukumwambia; nilimwambia nyanya yake tu. Sasa mimi naitikia "ameingia, ameingia," huku nikijua hawapo. Nilimhofia mmoja tu, yule kahawia mwenye doa jeupe, mbuzi wake mwenyewe, aliyepewa alipozaliwa, kwani naye alikuwa miongoni mwa waliokufa. Akimtaja huyo sauti yangu itakatika, naye atajua, ataruka.

Nesi akafika kwenye vidole, pale pabaya kabisa. Mtoto akaita mbuzi wote, mpaka wale wadogo. Kahawia hakumtaja.

"Wameisha?" nikauliza, mjinga mimi.

"Bado mmoja." Macho yake yalikuwa ukutani. "Lakini huyo alikufa, yeyo, mama yangu. Nilikusikia ukimwambia nyanya. Wewe sema tu ameingia."

Nikasema. Mkono wake haukutikisika.