Foleni ya Maksai

Watu wakiniuliza aplikesheni yangu ya kwanza ilivumaje, huwa naringa kwanza, halafu nanyamaza. Niliitengeneza peke yangu, chumbani kwangu Milanzi, mjini. Wazo lilikuwa jepesi. Mvua ya kwanza ikinyesha huku Ufipa kila mtu anataka maksai wa kulimia siku hiyohiyo, na wenye maksai ni wachache. Mkulima abonyeze simu, apate nafasi yake kwenye foleni, mwenye maksai aone nani anafuata. Basi. Mambo ya kujuana yaishe.

Kuitengeneza ilikuwa kazi, kuinadi ikawa kazi na nusu. Chala, siku ya gulio, nilisimama juani kutwa nzima, watu wakidhani nauza laini za simu. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa binti, maksai wenyewe umewafunga wapi?" Nilitamani kulia. Kilichoniokoa ni matangazo ya baada ya misa kijijini kwetu, upande wa Mwimbi. Katekista aliitangaza pamoja na ndoa za mwezi huo, na wa kwanza kujiunga akawa jirani yetu, mfugaji aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa. Baada yake wakaja wengi, nami nikavimba kichwa.

Jirani huyo ndiye aliyemlimia mama kila mwaka tangu baba afariki. Mvua ya kwanza, shamba la kwanza ni la mama. Alipokuja na familia yake, baba ndiye aliyemwonyesha mahali pa kujenga, na mama akampa mbegu ya ulezi. Hakuna aliyeandika hayo popote.

Msimu wa kwanza wa foleni yangu, mvua zikiwa zimeshakolea, nilipanda gari kwenda kumsalimia mama. Njiani nikamkuta jirani analima shamba la watu ng'ambo ya kijito. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akinionyesha simu yake. "Huyu ni wa kumi na nne. Sijaruka hata mmoja, kama mama yako alivyoagiza."

Haki ya Mungu, nilimpongeza.

Mama nilimkuta shambani ameinama na jembe la mkono. Alikuwa amelima kipande ambacho kanga chache zingekifunika. Kwa majirani mahindi yalishaota, mistari imenyooka.

"Mama! Ina maana jirani hakuja?"

"Alikuja siku ileile ya mvua ya kwanza, na maksai wake. Nikamuuliza, mimi ni wa ngapi humo kwenye simu? Akasema simo."

Angekuwemo vipi? Simu ya mama ni kitochi, ya kupiga na kupokea tu. Miezi yote ile ya kutengeneza, sikuwahi kumfikiria mtu mwenye kitochi.

"Nikamwambia aende kwa wa kwanza," mama akaendelea. "Akagoma. Tuligombana hapa hapa, ng'ombe wanatutazama."

"Kwa nini ulimfukuza?" Hasira zangu ziko karibu. Nilikuwa namfokea mama yangu mzazi, shambani kwake.

Akajiinua taratibu, mkono kiunoni. "Si ulisimama Chala juani kutwa? Mimi mama yako nikiruka foleni, nani ataiamini kazi yako?"

Mganga hajigangi, sawa, lakini mimi nilikuwa nimemwondolea mama yangu hata mganga aliyekuwa naye. Nilivua viatu, nikaomba jembe. Akaninyima lake.

"La kwako liko nyuma ya mlango. Anzia kule juu."

Tulilima siku nne, na bado nusu ya shamba haikupandwa mwaka ule. Niliporudi mjini niliongeza kitufe kimoja, mwenye maksai amwandike jirani asiye na simu janja, popote atakapo kwenye foleni, bila kuulizwa sababu. Sasa kila msimu jina la kwanza kwenye foleni ya kijijini kwetu ni la mama, na kila msimu ananipigia kwa kitochi chake kuniuliza kama nina hakika hajamruka mtu.