Hadithi ya Bilki Ina Mwenyewe

Simu ya dada yangu Rakiya huanza kulia kabla hatujamaliza uji wa asubuhi. Si wagonjwa, si wafiwa. Ni wasomaji. "Hajiya, ukimuua Bilki, wallahi najitoa kwenye kundi!" Mwingine analia kabisa: "Mpe mume mwingine basi, maskini!" Kuna mmoja wa Kaduna, hata naira moja hajawahi kuchangia, yeye anauliza kwa nini sehemu ya jana ilikuwa fupi. Fupi! Mtu kaiandika kwa kidole gumba, umeme hakuna, mboga iko motoni. Natamani niwajibu mimi, lakini Rakiya husema, "Asabe, waache. Ndio wanaonisoma." Kanichosha huyu mwanamke kwa uvumilivu wake.

Zamani hapa Kano alikuwa akijichapishia vitabu mwenyewe, vile vyembamba vya sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, jina lake kubwa juu ya jalada. Wanaume wakavitukana kwamba vinaharibu mabinti, na mabinti zao wakavificha chini ya godoro. Leo nenda soko la Sabon Gari umtafute yule muuza vitabu wake. Anauza makava ya simu. Ndiyo maana Rakiya naye akahamia kwenye simu, kila jioni sehemu moja kwa kundi lake.

Halafu akatokea Zinariya. Sura yake siijui, na Mungu aninusuru nisiijue. Ana sauti tamu, hilo sikatai. Anaichukua sehemu ya Rakiya ikiwa bado ya moto, anaisoma kwa sauti, anaiweka kwenye kundi lake mtandaoni: "Karibuni kwenye hadithi yangu mpya." Yangu! Rakiya akamwandikia kwa adabu zote, akamwomba alitaje jina lake tu, basi. Akajibiwa: "Dada, mimi nakusaidia kukutangaza." Unamtangazaje mtu usiyemtaja? Siku ile Rakiya akasema, bila hata kupandisha sauti, "Nikimaliza hii ya Bilki, naacha kuandika. Siwezi kulima mwingine avune." Niliogopa, maana namjua. Mumewe alipofariki, kuandika ndiko kulikomsimamisha.

Sasa kuna mama yetu, Inna. Macho yamemfifia, na hata yalipokuwa mazima hakusoma. Rakiya ndiye mtoto wake wa kwanza, na kwetu mama mwenye haya zake halitaji jina la mtoto wa kwanza. Mimi kitinda mimba ananiita kutwa mpaka jina linanichosha. Rakiya ni "mwenzenu", au "yule", au Inna anakohoa tu na mwenyewe anajua kaitwa. Ndivyo alivyolelewa, hakuna anayemlaumu. Lakini jamani, mtu jina lake halitajwi nyumbani, halafu na dunia nayo imnyime?

Alhamisi moja, baada ya alasiri, natoka chumbani nawakuta Inna na jirani yetu Delu na mke mwenza wa Delu wamekaa uani, wameizunguka simu ya Delu, machozi yanawatoka. Sauti ya Zinariya hiyo! Na Rakiya yuko pale pale, anawakorogea wageni fura, yale madonge ya uwele, na maziwa, uso kauinamishia kibuyu.

"Zimeni!" nikapiga kelele. "Inna, huyo ni mwizi!"

"Asabe, adabu," akasema Inna.

"Adabu gani? Hadithi ni ya huyu hapa anayewakorogea fura!"

Delu akacheka. Delu kila kitu kwake ni kichekesho. "Eti nini? Kama ni yake, mbona Zinariya anasema ni yake? Na wewe Inna, tangu juzi tunakuuliza ni ya nani, unajuaje ya mbele kabla hayajasomwa, unatugunia tu."

Nikamgeukia mama yangu. "Ulijua?"

"Bilki anaficha chumvi ndani ya mto wa kulalia, kwa sababu mama mkwe anaifungia kwa kufuli," Inna akasema taratibu. "Huyo Bilki ni mama yangu mimi. Nani mwingine wa kuandika hayo, na niliyemsimulia ni mmoja tu? Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza!"

"Wananiuliza ni ya nani. Ningejibuje?"

Kweli, angejibuje? Jibu lilikuwa jina, na jina hilo halijawahi kupita kinywani mwake. Hasira zangu zikabaki hazina pa kwenda.

"Basi yameisha," Delu akasema. "Mwenyewe ni Zinariya."

Inna akanyoosha mkono. "Wewe Delu si umo kwenye kundi la huyo mtu? Hiyo simu ina pa kusemea? Bonyeza."

Delu akabonyeza, huku bado anachekacheka. Inna akajifunika mtandio uso mzima.

"Wewe Zinariya. Mimi ni mama wa..." Akasita. "Mama wa mwenye hadithi. Aliyeitunga ni Rakiya. Rakiya, binti yangu wa kwanza. Na huo mto wenye chumvi ni wa mama yangu. Wewe umeutoa wapi?"

Delu kicheko kilimkatika. Rakiya mkono ulikuwa umesimama ndani ya fura, midomo inamcheza kama ya mtoto anayejizuia kulia. Mimi nililia, sioni aibu kusema.

"Mnanikodolea macho ya nini?" Inna akafoka ndani ya mtandio. "Fura iko wapi?"

Na Zinariya je? Aliufuta ujumbe wa Inna, akamtoa na Delu kundini. Mlitarajia nini? Jioni ile Rakiya hakutuma kitu, na wasomaji wakanipasua masikio: Bilki atapona? Hajiya, usituue! Nikaichukua simu yake nikawaambia wangoje, watu gani nyie msio na subira.

Kisha nikamrudishia Rakiya simu pale mkekani kwa Inna, akaanza kumsomea sehemu ya mwisho, ambayo hakuna aliyeisikia bado. Akafika pale ugonjwa unapomzidia Bilki, akaishusha simu.

"Wote wanataka apone," akasema. "Na mimi nimechoka kubishana nao."

Inna akanigeukia mimi.

"Asabe!" akaniita, na aliyepaswa kujibiwa yuko hapo ubavuni pake. "Mwambie mwenzenu kwamba Bilki hakupona. Mimi nilikuwepo, nilikuwa mdogo, nimeushika ule mto kwa mikono yangu. Mwambie aandike alivyokufa. Nitamweleza yote."

Nikageuka nimwambie. Alikuwa ameshaanza kuandika.