Kitambaa cha Kompyuta ya Parokia

Miaka ile bidhaa zilipoanza kujaa tena madukani, ofisi ya parokia yetu Musoma ilipewa kompyuta mpya yenye rangi na kipanya. Mimi, mwalimu mstaafu niliyesaidia pale ofisini, niliendelea kuipenda ile ya zamani yenye kioo cheusi na herufi za kijani. Programu yake ya ubatizo aliitengeneza padri mgeni aliyekwisha kurudi kwao, na kompyuta mpya iliikataa katakata. Kitabu chenyewe cha ubatizo kililiwa na mchwa. Majina yote yalibaki ndani ya yule kikongwe wa kioo cheusi.

Alhamisi moja asubuhi akaja mama kutoka Bukima. Binti yake alikuwa anafunga ndoa Jumamosi, na padri wa huko alikuwa amesema bila cheti cha ubatizo hafungishi.

Nikaiwasha ile ya zamani. Tulipofika katikati ya kutafuta jina, kompyuta ikaganda. Nikarudia, ikaganda tena.

"Imekufa, mwalimu?" Mama akasogea karibu na kioo.

"Haijafa, mama. Hebu tuiulize inaumwa wapi."

Nikaweka mkono mgongoni mwa kompyuta: moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Karani wetu, mama mwenye mikono ya dhahabu, alikuwa ameivika kitambaa cha kufuma, kikashuka hadi nyuma na kuziba matundu ya feni.

"Nyumbani nafunikaga redio hivyo hivyo," akajitetea, "na inaimba mpaka leo!"

"Redio haitoi jasho, dada. Hii inapumulia mgongoni."

Mama wa Bukima akacheka kidogo. "Kumbe mmemvika bibi sweta juani!"

Tulipokivua kitambaa na kuifungua nyuma, feni ilikuwa imejaa wale wadudu weusi wanaopanda kutoka ziwani kama moshi. Karani akawasugua taratibu kwa mswaki mpya. Tukaiacha ipoe, tukanywa chai.

Safari hii jina lilitokea. Printa ikakereza mstari kwa mstari, na mama akakipokea cheti kwa mikono miwili, akakikunja ndani ya kanga.

Jumatatu karani, ambaye yule mama alimwalika harusini, alirudi na kitambaa kingine, kidogo, akakiweka juu ya kioo tu.

"Ni kofia, mwalimu," akasema. "Mgongo nimemwachia apumue."