Mkanda wa Mwisho Ulibaki Kibondo

Enzi zetu filamu haikubebwa mfukoni. Ilikuja Kasulu na Land Rover ya misheni, mikanda imelala ndani ya makopo mapana kama sinia, nasi watoto tukalifukuzia gari tangu mtelemkoni, miguu myekundu kwa vumbi. Shuka jeupe lilifungwa kwenye ukuta wa shule, jenereta likaanza kukohoa, harufu ya mahindi ya kuchoma ikachanganyika na ya dizeli.

Ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya Kihispania. Hatukuelewa neno hata moja, lakini tulielewa yote: ofisi yenye mashine za chapa, bosi mwenye masharubu anayempenda karani wake lakini kila akifungua mdomo anamgombeza, na karani anayejua na kunyamaza. Siku moja dada yule akaifunika mashine yake, akachukua mkoba, akatoka. Bosi akasimama. Hapohapo shuka likabaki jeupe. Mkanda wa mwisho ulikuwa umesahauliwa Kibondo, walikoonyesha wiki iliyotangulia!

Watu walipiga kelele mpaka dereva akaapa kuuleta Jumamosi.

Asiyepiga kelele ni Gervas, mtunza ghala wa chama cha kahawa. Kasulu nzima ilijua anampenda shangazi yangu Skolastika, mpiga chapa wa ofisi ya chama hichohicho, ila mwenyewe hajawahi kumwambia. Na mwisho wa mwezi shangazi alikuwa anahamishiwa Kigoma mjini.

Nilitumwa chumvi dukani kwa Mzee Rajabu nikamkuta Gervas ameegemea kaunta.

"Mzee, wewe uliiona kule Kibondo. Yule dada alikubali?"

"Kwani ameulizwa?" Mzee Rajabu hakuinua macho kwenye mizani. "Bwana Gervas, ya Wazungu yatakuja Jumamosi na gari. Yako yatakuja na nini?"

Nyumbani nako mama alimchokoza shangazi wakichambua maharage. "Wifi, ungekuwa wewe ungerudi?"

"Wifi yangu, harudi asiyeitwa."

Jumamosi mkanda ukafika. Bosi alimkimbilia dada yule ngazini, akapiga goti, na ofisi nzima ikajaa madirishani ikishangilia. Bibi mmoja nyuma yangu akaguna: "Yuu! Hata wajomba hakuja nao?"

Gervas hakuwepo, wala shangazi, wala baba. Baadaye baba alitusimulia: mchana ule Gervas alifika Titye, kijijini kwa babu, akiongozana na wajomba zake wawili na mtungi wa pombe ya ndizi, wakasalimia kwa desturi ya Waha, kwa magoti na makofi, taratibu, mpaka babu akachoka kuitikia. Shangazi akaitwa, akaulizwa mbele ya wote.

"Mbona mmechelewa?" akasema.

Nimetangatanga sana tangu hapo, Geita, Mbeya, Tunduru, na sijaona tena mwanaume jasiri kama yule mwoga. Mwaka huu nimerudi. Vijana wa Kasulu wanaingiziwa filamu kumi kwa mkupuo kwenye simu, na wakichoka katikati wanasukuma kwa kidole hadi mwisho. Juzi nilimwuliza binamu yangu, kitindamimba wa shangazi, kama amemwambia binti anayempenda.

"Nimemtumia moyo, kaka. Tiki mbili zimeonekana."

Shangazi alicheka hadi akafuta machozi. Mzee Gervas hakucheka. Aliuliza binti ni wa nyumba ipi, akainuka polepole, akaenda kutafuta koti.